Kichocheo changu kinakufa mapema: niache utafiti?

Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27, mwenyeji wa Morogoro. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia nchini Uturuki kwa ufadhili. Utafiti wangu unahusu vichocheo vya kutoa hidrojeni kwenye borohidridi ya sodiamu, ili gesi hiyo iingie kwenye seli ya fueli na kuzalisha umeme. Natengeneza unga mweusi wa kobalti na boroni, naupaka kwenye povu la nikeli, kisha nautumbukiza kwenye myeyusho na kupima gesi. Gesi inapita kwenye mpira, inasukuma maji ndani ya silinda iliyopinduliwa, nami nasoma mililita huku nikitazama sekunde.

Mara ya kwanza mambo huwa mazuri. Gesi inafoka, silinda inajaa upesi. Nikiosha kichocheo kilekile, nikakikausha na kukirudisha, kasi inashuka. Kufikia mara ya tano kimebaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Nimebadilisha joto la kukaushia, nimebadilisha kiasi cha kobalti, lakini hali ni ileile. Tena nikitengeneza kingine kwa njia hiyohiyo, hakilingani na cha mwanzo.

Kaka mmoja aliyenitangulia hapa maabara ananiambia nisijitese: niandike matokeo ya mara ya kwanza tu, eti makala nyingi ziko hivyo. Mwingine anasema niachane na gesi, nihamie kwenye seli inayotumia borohidridi moja kwa moja. Msimamizi wangu hajaniambia nifiche chochote, ila kila tukikutana anauliza namba yetu imefika wapi ukilinganisha na za wenzetu.

Kisha nimesoma kwamba Wamarekani waliiacha borohidridi tangu 2007, na kampuni iliyokuwa ikiitangaza ikafungwa. Nilimweleza mjomba, ambaye ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Akaniuliza: “Sasa mwanangu, unasomea kitu ambacho wenzako wamekwisha kukitupa?” Nilikosa jibu, na tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Ufadhili unaisha mwakani. Niendelee, nibadili mada, au nirudi nyumbani nikatafute kazi ya kufundisha?

Binti wa Morogoro, Uturuki


Pole kwa mawazo, mwanangu.

Uamuzi wangu nautanguliza ili uyasome mengine ukiwa umetulia. Usirudi nyumbani kabla hujamaliza, usibadili mada, na usiandike matokeo ya mara ya kwanza peke yake. Huko kufa kwa kichocheo kunakokunyima usingizi ndiko kunakostahili kuwa kiini cha tasnifu yako. Kichocheo chenye kasi kimeshapatikana miaka mingi. Kinachotafutwa hadi leo ni kile kinachodumu, na wa kutuambia kwa ukweli kwa nini vingine havidumu ni mtu kama wewe.

Tuanze na mjomba, maana swali lake ni la haki.

Borohidridi ya sodiamu ni unga mweupe uliobeba hidrojeni nyingi kwa uzito mdogo. Ukikutana na maji hutoa hidrojeni, na kinachobaki ni borati, yaani chumvi ya boroni. Gramu moja ya unga huo hutoa takriban lita 2.4 za hidrojeni, zikipimwa kwenye nyuzi sifuri na kanieneo ya kawaida ya hewa, na nusu ya hidrojeni hiyo hutoka kwenye maji yenyewe. Huhitaji mtungi mzito wa chuma uliojazwa gesi kwa nguvu, wala moto.

Waliougundua ni Hermann Schlesinger na Herbert Brown, katika Chuo Kikuu cha Chicago, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walikuwa wakitafuta kampaundi za urani zinazogeuka mvuke kwa urahisi, wakajikuta na unga huu mkononi. Kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani kikavutiwa, kwa sababu kilihitaji njia nyepesi ya kupata hidrojeni popote askari walipo. Kina Schlesinger wakaona kwamba maji baridi peke yake huuvunja unga huo polepole, lakini ukitia chumvi kidogo ya kobalti gesi hutoka kwa kasi kubwa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1953, na Brown akaja kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1979 kwa kazi yake ya kampaundi za boroni. Kwa hiyo huo unga mweusi ulio mkononi mwako ni wa ukoo wenye heshima.

Kampuni uliyoisoma ni Millennium Cell ya New Jersey, iliyoanzishwa mwaka 1998. Desemba 2001 DaimlerChrysler ilionyesha gari la familia lililopewa jina la Natrium, lililotumia teknolojia hiyo. Novemba 2007 jopo la wataalamu liliishauri Wizara ya Nishati ya Marekani isimamishe kazi hiyo, na mwaka uliofuata kampuni ikafunga milango. Hayo ni kweli. Lakini soma vizuri kilichosimamishwa: ni kuhifadhi hidrojeni ndani ya gari kwa kuvunja borohidridi kwa maji. Jopo lilipima gari, likatoa hukumu ya gari.

Sababu zake ni mbili, na zote unapaswa kuzijua kwa moyo, maana mtahini atakuuliza. Ya kwanza ni uzito. Kwenye karatasi, borohidridi na kiasi cha maji kinachohitajika kwa mmenyuko hutoa asilimia 10.8 ya uzito wao kama hidrojeni. Lakini gramu 100 za maji ya nyuzi 25 huyeyusha takriban gramu 55 za borohidridi, na takriban gramu 28 tu za metaborati, yaani ile borati inayobaki. Ukikoleza myeyusho, borati itaganda na kuziba mabomba. Inabidi uongeze maji, na maji ni mzigo: myeyusho wa asilimia 20 hutoa hidrojeni isiyozidi asilimia 4.3 ya uzito wake, kabla hujapima tangi, pampu na chombo cha mmenyuko.

Sababu ya pili ni gharama ya kurudisha borati kuwa fueli. Njia ya viwandani ni ileile iliyotoka kwa Schlesinger na Brown, na kila molekuli moja ya borohidridi hula atomi 4 za metali ya sodiamu, ambayo hupatikana kwa kutumia umeme mwingi. Kwa gari linalojazwa kila wiki, hesabu hiyo haifungi. Watafiti wa Guangzhou, China, wameonyesha kuwa borati iliyotumika inaweza kugeuzwa tena borohidridi kwa kuisaga na magnesi kwenye kinu cha mipira ya chuma, bila joto kubwa. Ni habari njema, lakini bado ni kazi ya maabara.

Basi mjibu mjomba kwa ufupi: waliacha kuitia kwenye tangi la gari kwa sababu ya uzito na bei. Kuna kazi nyingine ambako uzito wa betri ni tatizo kubwa kuliko bei ya fueli, kama vile ndege ndogo zisizo na rubani, redio za askari na vyombo vya chini ya bahari, na huko utafiti unaendelea. Mwambie pia kwamba nchi iliyokupa ufadhili ndiyo yenye akiba kubwa ya boroni kuliko zote duniani, na kule Kırka, katika mkoa wa Eskişehir, inachimbwa. Uturuki ina sababu yake ya kutaka kujua boroni inaweza kufanya nini zaidi ya kutiwa kwenye vioo na sabuni. Hukusomeshwa kwa bahati mbaya.

Sasa tuingie maabara.

Kwa msomaji asiye mkemia, kichocheo kinafanya kazi kama dalali sokoni: anamkutanisha muuzaji na mnunuzi, biashara inaisha haraka, yeye anabaki palepale akingoja wengine. Ndiyo maana kwa nadharia kichocheo hakiishi. Cha kwako kinaishiwa nguvu, na wanaoshukiwa ni wanne.

Mshukiwa wa kwanza ni borati. Inazaliwa palepale juu ya kichocheo, na isipoondoka inakifunika kama gamba, maji na borohidridi visifike kwenye kobalti. Wa pili ni chembe zenyewe: zikiwa ndogo sana huvutana na kushikamana, eneo la kufanyia kazi likapungua. Wa tatu ni hewa. Kobalti na boroni iliyotoka kutengenezwa huungana na oksijeni kwa urahisi mno, na wewe unaikausha kila baada ya kuitumia. Wa nne ni kubanduka. Gesi inayofoka ndani ya vitundu vya povu la nikeli inasukuma kwa nguvu, na kila pumzi inaweza kuondoka na unga kidogo. Kabla hujamwaga maji ya flaski, yaache yatulie, kisha tazama chini kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeusi, sehemu ya kichocheo chako unaimwaga kwenye sinki.

Usibadilishe tena joto la kukaushia wala kiasi cha kobalti mpaka umjue mkosaji. Umekuwa ukitibu bila kupima. Fanya majaribio machache, kila moja likiwa na swali lake.

Chukua kichocheo kipya, lakini tia metaborati ya sodiamu kwenye myeyusho tangu mwanzo, kwa kiasi kile kinachokuwepo mwisho wa jaribio la kawaida. Kikipunguza kasi siku hiyohiyo ya kwanza, basi borati inakuzuia hata kabla kichocheo hakijazeeka. Siku nyingine, katikati ya jaribio, toa povu la nikeli na uchuje myeyusho. Yakiendelea kutoka mapovu ya gesi kwa kasi kubwa kuliko ya myeyusho usiotiwa kitu, kobalti imehama, iko kwenye maji. Kisha chukua vipande viwili vya kundi moja: kimoja kioshe na kukirudisha kikiwa kibichi, kingine kikaushe kama ulivyozoea. Vikitofautiana, hewa na tanuri ndivyo vya kulaumiwa.

Pima uzito wa povu kabla na baada, ila usiuamini peke yake, kwa sababu borati inayoganda huongeza uzito na kuficha kobalti iliyopotea. Omba kipimo cha kobalti iliyomo kwenye maji yaliyotumika; chuo chenye idara ya kemia hakikosi chombo cha kupima metali kwenye maji, na kama hakiko kwenu basi jirani wanacho. Peleka kipande kipya na kile cha mara ya tano kwenye hadubini ya elektroni siku moja, uone uso kwa uso tofauti yao. Na usisahau jaribio ambalo wengi hulisahau: povu la nikeli tupu, lisilo na kobalti hata chembe. Nikeli nayo ina nguvu zake kwenye mmenyuko huu, na mhakiki wa makala atataka kujua sifa ni za nani.

Kuhusu kichocheo kipya kutolingana na cha mwanzo, ninashuku joto. Hukuniandikia kama kipimajoto kinakaa ndani ya flaski au kwenye maji ya nje. Mmenyuko huu hutoa joto jingi, takriban kilojuli 217 kwa kila moli ya borohidridi. Piga hesabu nami: gramu moja ikivunjika yote kwenye mililita 50 za maji, joto lake linatosha kuyapandisha kwa takriban nyuzi 27 lisipopotea nje. Unaandika kwenye daftari “nyuzi 25”, kumbe umemaliza ukiwa juu ya 50.

Na hapo pana mtego. Kichocheo chenye kasi hutoa joto lake upesi kabla halijapotea, joto hilo linaongeza kasi, kasi inaongeza joto. Kilichochoka hutoa joto polepole, flaski inapoa njiani. Kwa hiyo tofauti unayoiona kati ya mara ya kwanza na ya tano huenda imekuzwa, na tofauti kati ya vichocheo viwili vipya vilivyopishana kidogo tu inaweza kuonekana kubwa. Punguza borohidridi, ongeza maji, weka kipimajoto ndani, na andika joto kila unapoandika mililita. Pima pia joto la silinda ya gesi. Hidrojeni iliyopita kwenye maji ya nyuzi 25 ina takriban asilimia 3 ya mvuke wa maji. Ikiwa na joto la nyuzi 60, karibu sehemu moja ya tano ni mvuke. Usije ukahesabu mvuke ukadhani ni hidrojeni.

Lingine ni kostiki soda. Mnaitia ili myeyusho usijivunje wenyewe kabla ya wakati, na athari yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa nyuzi 25 na pH 14, nusu ya borohidridi itakuwa bado haijavunjika baada ya siku zaidi ya 400. Kwa pH 8, nusu inapotea chini ya dakika moja. Myeyusho mliochanganya asubuhi na ule uliolala wiki nzima kwenye chupa isiyofungwa vizuri hailingani, hata kama lebo ni moja. Unga wenyewe nao hunyonya unyevu wa hewa. Changanya mpya, andika tarehe, pima pH.

Mwisho, angalia mkono wako unapotengeneza kichocheo. Borohidridi ikimiminwa haraka kwenye chumvi ya kobalti, chembe huzaliwa kwa mkupuo mmoja na joto hupanda. Ikidondoshwa taratibu, chembe hutoka tofauti. Siku uliyokuwa na haraka na siku uliyokuwa na subira umetengeneza vitu viwili. Tumia pampu ndogo ya kudondoshea, barafu nje ya bika, na mwendo mmoja wa kukoroga. Tengeneza vitatu kwa masharti yaleyale kabla hujabadilisha sharti lolote, na uchapishe wastani wa vyote vitatu pamoja na tofauti zao.

Na miwani, mwanangu. Kostiki inapofusha. Hidrojeni huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 4 na 75, kwa hiyo fanya kazi penye mfereji wa kuvuta hewa, na usimwage mabaki yenye borohidridi kwenye chombo chenye asidi.

Sasa ushauri wa kuhamia kwenye seli ya moja kwa moja. Aliyekwambia hakukosea kusema ni eneo zuri. Kwenye seli hiyo borohidridi haipiti njia ya gesi. Inatoa elektroni palepale kwenye anodi, na kwa hesabu za nadharia kila ioni ina elektroni 8 za kutoa. Ikiungana na oksijeni upande wa pili, volti ya nadharia ni 1.64, wakati seli ya hidrojeni na oksijeni ina 1.23. Ni hesabu ya kutamanisha.

Lakini huko tatizo limegeuka kichwa chini. Platini inaanza kazi upesi, ila inaivunja borohidridi kwa maji na kutoa mapovu ya hidrojeni, na elektroni zikapotea na gesi. Dhahabu kwa miaka mingi ilisifiwa kwa kuikaribia hesabu ya 8, lakini ni nzito kuanza, na tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa hesabu hiyo hubadilika kulingana na mazingira ya jaribio. Nikeli ni rahisi kwa bei, lakini elektroni zake ni kama 4. Tena fueli hupenya utando na kufika kathodi, ambako platini huishambulia, ndiyo maana watu wanajaribu vichocheo vya manganizi au chuma upande huo. Kwa maneno mengine, kobalti yako inayosifiwa kwa kufoka gesi ingekuwa mzigo kwenye anodi ile. Ukihamia huko leo utaanza upya, na muda wako hautoshi. Uliache hilo liwe la shahada ya uzamivu, nawe utalifikia ukiwa umeshajua namna uso wa metali unavyochakaa.

Nije kwa kaka anayekushauri uandike mara ya kwanza tu. Pengine anakutakia mema, na pengine naye aliambiwa hivyohivyo. Usimfuate. Fikiri kuna mwanafunzi mwingine, Nairobi au Lubumbashi, mwenye bajeti ndogo kuliko yako. Atasoma makala yako, ataagiza kobalti na povu la nikeli kwa fedha ambazo idara yake ilizililia, ataona kichocheo kinakufa mara ya tano, na atalala akijilaumu kama unavyojilaumu wewe. Kilio chako cha leo kimetokana na watu waliochapisha mwanzo wakanyamaza mwisho. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; kwenye kemia inafupishwa na yeyote mwenye flaski na uvumilivu wa kurudia.

Na kwa msimamizi wako nenda kwa adabu, lakini nenda na karatasi. Chora grafu moja yenye mara zote tano, kila mara kwa rangi yake, usiache hata ile mbaya. Mwambie: “Mwalimu, kasi ya mara ya kwanza ni hii. Ninaomba ruhusa nitafute kwa nini inashuka, na haya ndiyo majaribio ninayopendekeza.” Anapenda namba, basi mpe mbili badala ya moja: kasi ya mwanzo kwa kila gramu ya kobalti, kwenye joto lililopimwa ndani ya flaski, na jumla ya hidrojeni iliyotolewa na gramu hiyohiyo mpaka kasi iliposhuka hadi nusu. Namba ya pili ndiyo atakayoiuliza mtu wa kiwanda. Msimamizi anayeijali kazi yake ataiona thamani yake. Akikataa kabisa, ziandike hata hivyo kwenye kiambatisho cha tasnifu, maana tasnifu ina jina lako.

Limebaki la nyumbani. Sitakudanganya kwamba ukitua Dar es Salaam utakuta kiwanda cha seli za fueli kinakusubiri. Hakuna. Lakini tazama ulichojifunza: kutengeneza chembe za metali, kuzipaka, kupima gesi kwa uaminifu, kusoma uso wa kitu kwa hadubini, na kujua kwa nini kimechakaa. Maarifa hayohayo ndiyo yanayotakiwa kwenye betri, kwenye kuzuia kutu, kwenye kusafisha maji na kwenye viwanda vya kusafisha madini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, Kolwezi na maeneo ya jirani, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na huenda hiyo uliyo nayo kwenye bika ilianzia huko. Kwetu Tanzania, Kabanga wilayani Ngara kuna akiba ya nikeli yenye kobalti ndani yake. Madini haya tumezoea kuyaona yakiondoka. Nataka tuwe na mabinti na vijana wanaoyajua mpaka kwenye atomi, ili siku ya kujadili nini kifanyike hapahapa, pawe na mtu mezani anayeelewa.

Kufundisha nako ni kazi njema, na nchi inahitaji walimu wa kemia. Ila ifuate kwa hiari, baada ya kumaliza ulichokianza. Mwalimu aliyewahi kutafuta kwa nini jaribio limekataa, akapata jibu, anafundisha tofauti na aliyekariri kitabu.

Leo usiku mpigie mjomba, umweleze hayo ya gari na boroni kwa maneno yako mwenyewe. Kesho tia kipimajoto ndani ya flaski, na chora ile grafu ya mara tano.

Na ninyi wasimamizi mnaosoma safu hii, iwe mko Ankara, Nairobi au Mlimani, nina ombi moja. Mwanafunzi akikuletea grafu inayoshuka, mwulize kwanza inashuka kwa nini, ndipo umwulize namba yake ni ngapi.